Kesi ya King'ora cha Moshi

Jumamosi asubuhi benchi letu la kona, mbele ya duka la kinyozi, liligeuka mahakama. Jana yake alasiri chumba cha fundi cherehani, mlango wa nne kutoka hapo, kiliungua, na mama mkwe wake, ambaye miguu ilishamgomea kitambo, akalazwa hospitali kifua kimejaa moshi. Mshtakiwa alikuwa king'ora cha moshi, kile kidude cheupe ambacho vijana wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba mwezi uliopita wakitufungia darini bure. Hakimu alikuwa Spika, mtu asiyenyamaza hata akiwa na maji mdomoni. Fundi Redio alikuwa shahidi mtaalamu. Dokta hajatibu hata kuku, ila maoni anayo. Na mimi nilikuwa na hasira kuliko wote, sioni haya kusema.

SPIKA: — Watu wazima tumechezewa! Wamekuja na ngazi na vizibao vya njano, wamebonyeza kitufe, pii pii, tukawapigia makofi. Moto umekuja, kidude kimefanya nini?

FUNDI REDIO: — Kimelia.

SPIKA: — Kimelia! Hata mtoto mchanga analia!

MIMI: — Kingeuzima moto, bwana! Kulia tu kunamsaidia nani?

DOKTA: — Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

SPIKA: — Hiyo inaingiaje hapa?

DOKTA: — Moshi. Uliingia haba na haba.

FUNDI REDIO: — Nisikilizeni. Changu nimekifungua. Ndani kuna kiwaya chembamba kama mkia wa panya. Kile ni cha kutusikiliza. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki ki darini!

SPIKA: — Wakusikilize wewe? Wewe na mkeo hamjasemeshana tangu mwaka jana.

FUNDI REDIO: — Basi na hilo wameshalijua!

DOKTA: — Mnazunguka mbuyu bure. Kidude kile ndicho kinachouita moto. Kabla hakijaja, nani aliunguliwa hapa? Ukimpigia mbwa mluzi kila siku, iko siku atakuja.

SPIKA: — Aandike mtu hiyo!

Hakuna aliyekuwa na kalamu.

MIMI: — Na kelele zake je? Mtu akikaanga kitunguu tu, mayowe mtaa mzima. Debe tupu haliachi kuvuma.

Hapo lazima nieleze utaratibu wetu. King'ora chochote kikilia, benchi zima tulikuwa tunaitikia kwa sauti moja, "Koroga, mama, koroga!", halafu tunacheka. Anayechelewa kuitikia hapewi kikombe cha pili cha kahawa. Jana yake cha fundi cherehani kililia kirefu, nasi tukaitikia mpaka makoo yakakauka. Aliyeona moshi ni msukuma mkokoteni wa maji, mpita njia tu. Ndiye aliyevunja mlango akamtoa bibi kwa shuka.

Tukiwa bado tunabishana, fundi cherehani akatokea, anatoka hospitali, na nguo zile zile za jana zenye masizi. Tukasogea kumpisha.

SPIKA: — Pole sana, dada yetu. Keti. Kesi yako tunayo hapa. Waliofunga kile kidude hatuwaachi.

Hakuketi.

— Kilifanya kazi, alisema. Mama amezinduka alfajiri, ameanza kuongea. Kilipolia alijua ni moto, akajikokota kwa viwiko kuelekea mlangoni huku anaita. Akasikia sauti za wanaume zinaitikia.

Dokta aliweka kikombe chini.

— Akamshukuru Mungu, akasema hao wanakuja. Akaacha kujikokota, akalala pale pale sakafuni awasubiri.

Alitutazama mmoja mmoja, bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza.

— Amenituma niwaulize: mbona hamkuja?

Nilimtazama Spika ajibu. Spika alikuwa ananitazama mimi.