Baiskeli ya Baba, Kutoka Nambis Mpaka Endasak

Siku tuliyogawana vitu vya baba, baba mdogo aliniita nyuma ya zizi akaniambia, "Wewe umesoma, baiskeli ichukue wewe. Kaa kimya tu." Nikakaa kimya. Ndugu zangu wa jumuiya, laiti ningekataa pale zizini, leo nisingesimama mbele yenu na magoti yaliyovimba.

Mnisamehe nikitembeatembea ninapoongea. Mke wangu yupo hapo, atawaambia kwamba siku hizi siwezi kukaa kwenye kiti mpaka chai ipoe.

Kwetu mnajua, kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani. Anamtunza mama, na vitu vya baba ni vyake. Baba alipoona hatapona alituita kitandani, mimi na mdogo wangu, akasema baiskeli ni ya mdogo. Alisema nikisikia. Lakini mimi nilikuwa na kidato cha nne, nilikuwa karani hapa Nambis, nikaona aibu karani kutembea kwa miguu. Wazee walipouliza kama baba aliacha neno kuhusu baiskeli, mdogo wangu alisema aliacha. Wakanigeukia mimi mkubwa. Nikaangalia chini nikasema sikumbuki.

Hakugombana nami. Alifunga nguo zake, na mlangoni akaniambia, "Siku ukikumbuka, niletee mwenyewe, uwe umeipanda." Akahamia Endasak kule Hanang, akaanza kwa kulima mashamba ya watu. Shikamoo yake sikuisikia tena kwa miaka thelathini na minne.

Nawaambia, mtu anaweza kukumbuka siku ileile na akakaa miaka yote hiyo hajasema. Mara moja nilijaribu njia ya mkato. Niliipakia baiskeli juu ya basi, nikaomba ishushwe Endasak. Kesho yake ikarudi na basi lilelile, imefungwa kwa kamba yangu mwenyewe. Kondakta alicheka sana. Mimi sikucheka.

Mwaka huu nimetimiza sabini na moja, na usingizi ukakatika kabisa. Nikaenda kwa mzee mmoja aliyebaki wa kikao kile, nikamwambia nilikumbuka tangu siku ile. Akaniangalia weee, akasema, "Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mwenye baiskeli yuko Hanang."

Nikaipeleka kwa fundi. Ni kile chuma cheusi cha zamani, kizito, hakina gia. Akabadilisha tairi na mnyororo, akanionya kwamba breki zake za vyuma hazina vipuri tena, nisizitegemee mteremkoni.

Siku ya kwanza milima ilinimaliza. Mnaijua njia ya Dongobesh, ukimaliza kilima unaona kingine kinakungoja. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo pembeni yangu. "Shikamoo babu. Hiyo pikipiki imeisha mafuta?" Nikamwambia marahaba, hii haijawahi kunywa. Akacheka, akaniachia ndizi mbili. Dongobesh mama mmoja aliyeuza chai aliona miguu yangu inavyotetemeka, akanichemshia maji ya chumvi, akanipa pa kulala. Hakuniuliza hata ninakwenda kwa nani.

Siku ya pili mteremko wa Dareda nilishuka kwa miguu, nimeishika baiskeli kwa mikono miwili kama ng'ombe dume anayetaka kukimbia. Nilipofika kwenye lami nilidhani shida zimeisha. Kumbe upepo ulikuwa unanisubiri. Mlima Hanang ulikuwa mbele yangu, nakanyaga, nakanyaga, na mlima hausogei.

Hapo pikapu ikasimama. Dereva alikuwa anarudi kwao Mogitu, mtu mwema kabisa. Nikamweleza safari yangu na lile sharti la mdogo wangu. Akasema, "Pandisha nyuma, mzee wangu. Nitakushusha karibu na kwake, utapanda zile hatua za mwisho. Kaa kimya tu, nani atajua?"

Ndugu zangu, sitawadanganya. Nilikuwa nimeshainua gurudumu la mbele. Lilikuwa limeshagusa bodi ya gari. Ndipo maneno yale yakanifikia masikioni, yaleyale ya zizini. Nikalishusha. Dereva alidhani amenikosea, akanipa chupa yake ya maji akaenda. Nililia pale barabarani, kisha nikapanda.

Nilimkuta mdogo wangu uani anapiga maharage kwa fimbo. Kichwa chote cheupe. Hakuniangalia mimi, aliangalia baiskeli. Akaizungusha pedeli kwa mkono.

"Umeikanyaga yote?"

"Hapana. Vilima vingi nimeisukuma. Dareda nimeshuka kwa miguu."

Halafu akasema, "Hata baba alikuwa anaisukuma pale." Akaweka fimbo chini. "Shikamoo, kaka."

Nikaiachia baiskeli nimshike mkono. Yeye ndiye aliyenishika nisianguke.

Namshukuru fundi, kijana wa bodaboda, mama wa Dongobesh, na yule dereva ambaye hajui alichonifanyia. Namshukuru mke wangu, aliyenifungia viazi vya njiani bila kunizuia. Na ninyi, kama kuna aliyeombwa kukaa kimya juu ya haki ya mwenzake, aende akaseme wiki hii, angali ana miguu.

Lakini msiondoke hapa mkidhani nimemaliza. Jioni ile mdogo wangu aliniuliza kama mama alikuwa akimtaja. Nikamwambia alimtaja kila siku mpaka siku ya mwisho. Mama alipofariki, miaka tisa iliyopita, niliogopa kwamba angekuja akasimama mbele ya waombolezaji akasema habari ya baiskeli. Kwa hiyo nilimtumia taarifa siku ya tatu, tukiwa tumeshazika. Baiskeli nimemrudishia. Mazishi ya mama yake sikuweza kumrudishia.