Aliyesimama Kwenye Uzio: Maisha ya Mwalimu Abeli Elikana Mwegoha (1969–2025)

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu, majirani na wanafunzi wa marehemu: familia ya Mzee Elikana Mwegoha inawaeleza maisha ya mtoto wake wa tatu kama yalivyokuwa. Yamo humu mambo ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya jeneza. Familia ilikaa, ikayajadili na kuamua yasomwe, kwa kuwa anayehusika nayo yupo hapa, na amewekewa kiti safu ya kwanza ili asikie vizuri.

Mwalimu Abeli alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1969, katika kijiji cha Mamboya, kwa Mzee Elikana na Mama Siwema, wakulima wa mahindi na maharage milimani. Alibatizwa mwaka huohuo katika Kanisa Anglikana. Mama yetu, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi leo, husema kwamba Abeli alichelewa kuongea kuliko watoto wake wote, hata majirani wakaanza kumhurumia. Alikuwa akikaa kizingitini akitazama watu wakipita. Siku alipoongea, alimwambia mama kwamba jirani aliyetoka kuaga alikuwa amebeba mchi wetu. Mchi ulirudi jioni hiyo.

Alisoma shule ya msingi Mamboya kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akaendelea na sekondari Morogoro mjini, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Mpwapwa, alikohitimu mwaka 1991. Hakuwa mchezaji hodari wa mpira, na yeye mwenyewe hakuficha hilo. Alikuwa beki wa kulia wa akiba. Alisema benchi ndilo lililomfundisha mpira, kwa sababu aliyeko uwanjani anauona mpira, na aliyeko benchi anauona mchezo.

Mwaka 1992 aliajiriwa kufundisha shule ya msingi Kimamba, na huko ndiko alikoanza kufundisha watoto soka, katika kiwanja kilichokuwa zamani cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Filimbi yake ilipoharibika, alichezesha mechi akiwa ameshika kengele ya baiskeli. Wazee wa Kimamba waliopo hapa wanakumbuka watoto walivyosimama ghafla kila muuza maandazi alipopita akipiga yake. Mwaka 2004 alihamishiwa Kilosa mjini. Mwaka 2009, yeye na walimu wenzake wawili walianzisha kituo cha soka la watoto kiitwacho Chipukizi wa Mkondoa. Yeye ndiye aliyefyeka nyasi za kiwanja hicho. Baadaye, kwa kuwa kituo kilihitaji usafiri, walimwomba Bwana Donati Chogohe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na lori, awe mwenyekiti. Huo ulikuwa uamuzi wa marehemu pia, na aliujutia.

Tarehe 5 Septemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Coletha Luhaga, binti wa familia iliyohamia Magole kutoka Shinyanga na mifugo yake. Baba mkwe, marehemu Mzee Luhaga, alimhoji kwa ukali siku ya kwanza.

“Kijana, una ng’ombe wangapi?”

“Sina, mzee. Nina mipira minne.”

“Inatoa maziwa?”

“Haitoi, mzee. Lakini hailishwi.”

Mzee Luhaga alicheka mpaka akapaliwa na togwa, na posa ikapokelewa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Yudith, Yohana na Anitha.

Sasa tunafika mwaka 2018. Mwezi Februari, marafiki wa kituo kutoka kaskazini mwa Italia waliwaalika makocha wawili wakae wiki tatu katika mji wa Faenza, waangalie jinsi watoto wa huko wanavyofundishwa mbinu za mpira na jinsi mchezaji anavyokuzwa kutoka utoto. Walikwenda Mwalimu Abeli na Bwana Donati. Mkalimani wao alikuwa Sista Tumwagile, mtawa wa Njombe aliyekuwa akisoma huko. Familia ilimpigia simu juzi kumpa taarifa ya msiba, na yeye ndiye aliyetuambia tuyaandike yafuatayo bila kuogopa.

Mwalimu Abeli alifika uwanjani kila siku, kwenye baridi na ukungu, akasimama nyuma ya uzio akiwa amevaa makoti mawili ya kuazima. Aliwatazama watoto wa miaka kumi wakicheza watano kwa watano katika kiwanja kidogo. Kilichomshangaza kwanza ni ukimya wa kocha. Kocha hakupiga kelele. Alisimamisha mchezo, akamwendea mtoto na kumwuliza, “Uliona nini?” Mtoto alieleza. Kama hakuona kitu, mchezo ulirudiwa mpaka aone. Jambo la pili lilimchukua siku kadhaa kuling’amua: kila mtoto, kabla mpira haujamfikia, aligeuza kichwa haraka nyuma ya bega, huku na huku, akijua tayari nani yuko wapi. Mwalimu alilipa jambo hilo jina la Kiswahili papo hapo, akiwa amesimama kwenye uzio. Aliliita kuchungulia.

Bwana Donati alionekana uwanjani siku ya kufika na siku ya kuagana, siku ambayo picha na video zilipigwa. Siku nyingine alikuwa madukani. Sista Tumwagile anasema alimsindikiza kununua viatu mara nyingi kuliko alivyomsindikiza mpirani.

Waliporudi, ni Bwana Donati aliyeitwa Mikumi kutoa semina kwa makocha wa watoto wa wilaya nzima, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na cheo na picha. Mwalimu Abeli alikaa safu ya nyuma. Kocha mmoja wa Mikumi, aliyekuwa ameziangalia vizuri video za safari ile, aliuliza swali zuri: kwa nini watoto wa Italia wanageuza vichwa kabla ya kupokea mpira? Bwana Donati, ambaye siku ya kuagana aliwakuta wazazi wamejipanga nyuma ya uzio wakisubiri watoto wao, alijibu bila kusita:

“Wanaangalia kama wazazi wao wamefika. Mtoto wa kule akimwona mzazi, anapata morali. Na ninyi wafundisheni hivyo hivyo.”

Nao wakafundisha. Kwa msimu mzima, kuanzia Kilosa hadi Mikumi, watoto waliambiwa kwamba kabla ya kupokea mpira wamtafute mzazi. Bango likachapishwa, fulana zikashonwa, na jambo hilo likapewa jina: Mfumo wa Donati.

Mwalimu Abeli alinyamaza wakati huo, akisema mtu akijiaibisha hahitaji msaidizi. Ukimya wake ulikoma kwenye mazoezi ya Mikumi, pale mchezaji mmoja, Imelda, binti wa miaka kumi na moja aliyelelewa na shangazi yake, alipomwinulia mkono Bwana Donati na kuuliza, “Mwalimu, na mimi ambaye wazazi wamefariki, niangalie wapi?” Bwana Donati alimwambia amwangalie yeye. Mwalimu Abeli akaingia uwanjani mbele ya makocha wote.

“Hawaangalii wazazi, Mwenyekiti. Wanachungulia uwanja. Wanaangalia adui yuko wapi na mwenzao yuko wapi. Imelda, mwanangu, angalia nani yuko nyuma yako, basi.”

“Mwalimu Abeli,” alisema Bwana Donati huku akitabasamu kwa ajili ya hadhira, “wewe kule ulikuwa unasimama kwenye uzio kama mtu anayesubiri kibarua. Mimi ndiye niliyekaa na wakubwa.”

Baadhi yenu mlicheka. Tunawakumbuka.

Wiki iliyofuata, marehemu alikwenda kiwanjani akakuta kufuli la stoo ya mipira limebadilishwa. Mlinzi, aliyemwamkia shikamoo huku akitazama chini, alimwambia kwamba ameagizwa asimfungulie. Katika kikao cha kituo ilitolewa sababu ambayo familia inaihifadhi kama ilivyosemwa: kwamba Mwalimu Abeli hafuati mafunzo ya Italia, kwa kuwa hapigi kelele mazoezini. Mtu aliyeyaona mafunzo yale aliondolewa kwa ajili ya mafunzo yale, na aliyemwondoa alikuwa akinunua viatu wakati yakitolewa.

Hakulalamika. Alikwenda Chanzuru, akaomba kiwanja cha shule, akaanza upya na watoto wa wakulima, wavulana kwa wasichana. Imelda alikuja huko kila likizo. Pale hapakuwa na kelele. Lilikuwapo swali moja tu, “Uliona nini?”, na neno moja ambalo watoto walinong’onezana wenyewe wakicheza. Tarehe 15 Julai 2023, timu yake ilikutana na kituo cha Chipukizi wa Mkondoa kwenye fainali ya watoto, Mikumi. Watoto wa Bwana Donati, ambao hawana kosa lolote na tunawapenda, walikuwa wakigeuka kutazama mstarini kila mpira ulipowajia, na kila walipogeuka waliporwa. Shemeji yetu Nyanda, kaka wa Coletha, ambaye ni mtani wetu kwa kabila na kwa ndoa, alisimama mstarini siku nzima akiwasaidia:

“Mama yako huyu hapa, mpe pasi. Baba yako yuko kwenye lori, piga mrefu.”

Chanzuru walishinda mabao manne kwa bila. Mwalimu Abeli alikwenda kuwapa mkono watoto walioshindwa, mmoja mmoja, akamwambia kila mmoja amefundishwa vibaya na si yeye aliyecheza vibaya. Huo ndio ukali pekee aliowahi kuuonyesha hadharani. Ukali uliobaki alituachia sisi.

Mwezi Agosti 2024 miguu yake ilianza kuvimba, na vipimo vilionyesha kwamba moyo umetanuka. Alitibiwa Kilosa na baadaye Morogoro. Aliendelea kufundisha akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mpaka mwezi Machi mwaka huu, madaktari walipomkataza. Mkewe alimwuguza kwa upendo ambao familia hii haiwezi kuulipa.

Mwezi Aprili, Bwana Donati alikuja kumjulia hali. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alileta machungwa. Baada ya kusema pole, alitoa simu, akaiwasha irekodi, akaiweka juu ya mto wa mgonjwa.

“Mwalimu, kuna semina nyingine mwezi wa sita. Hebu nielezee kidogo lile suala la kugeuza kichwa.”

Pumzi ilikuwa ya shida. “Ulikuwepo, Donati,” alisema. “Uliona nini?”

Coletha aliichukua ile simu, akaizima, akamrudishia pamoja na machungwa yake.

Mwalimu Abeli Elikana Mwegoha alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Morogoro, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Kesho yake jioni, ujumbe wa kituo ulifika nyumbani msibani ukiongozwa na Bwana Donati. Uliomba mambo matatu: jeneza lifunikwe bendera ya kituo, mwenyekiti apewe nafasi ya kutoa salamu, na katika salamu hizo atangaze kuanzishwa kwa Kombe la Mwalimu Abeli, litakaloendeshwa kwa Mfumo wa Donati. Hivi ndivyo mazungumzo yalivyokuwa, na waliokuwepo watusahihishe.

“Mama Yudith,” alisema Bwana Donati, “huu msiba ni wetu sote.”

Nyanda alidakia. “Ni wenu? Basi mngeanza kuuguza, shemeji. Mbona kaburi mnalitaka na kitanda mlikikimbia?”

“Wewe mtani, tuache tuongee na mama.”

“Ongea. Ila ukiwa unaongea, geuka uangalie kama mzazi wako amefika.”

Hata wapishi walicheka. Coletha hakucheka. Alisema, “Baba Chogohe, mume wangu mlimfungia mlango akiwa hai. Leo hana mkono wa kubisha hodi, ndiyo mnataka kumfungulia?”

Hilo ndilo jibu la mjane, na familia imeliridhia na kuliongezea. Jeneza limefunikwa kitambaa cha Kanisa na si kitu kingine. Salamu za kituo hazimo katika ratiba mliyoshika, msizitafute. Jina la Abeli Elikana Mwegoha halitawekwa kwenye kombe, fulana wala bango la Chipukizi wa Mkondoa, leo wala baada ya arobaini, mpaka Bwana Donati Chogohe asimame Mikumi, mbele ya makocha walewale, na kusema kwa kinywa chake nani alitazama na nani hakutazama. Hatudai radhi ya pembeni, na tunaomba asiwatume wazee kuja kutubembeleza. Makocha wa wilaya hii wanaotaka kujua kilichoonekana kule waende Chanzuru. Watoto wa pale watawaeleza bila semina. Na kila semina nyingine itakapotangazwa, mtu wa familia hii atahudhuria, atakaa mbele, na atauliza swali.

Wapo watakaosema tumeutumia msiba vibaya. Marehemu alivumilia miaka saba kwa niaba ya kila mtu. Hatukuahidi kuurithi uvumilivu huo.

Mwalimu Abeli ameacha mama, Siwema, mjane, Coletha, watoto Yudith, Yohana na Anitha, mjukuu mmoja, ndugu wanne, na shemeji na mtani wake, Nyanda. Ameacha pia timu ya watoto ya Chanzuru, ambayo familia inaitaja hapa miongoni mwa wafiwa na si miongoni mwa wageni. Bwana Donati Chogohe ametajwa katika wasifu huu inavyomstahili, na hatajwi hapa.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa kilicho chake. Kaka yetu alale kwa amani. Sisi tuliobaki hatujafika huko.

Umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Vaileth Elikana Mwegoha, kwa niaba ya familia. Kilosa, Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025.