Pikapu Iliyogoma Kila Bibi Alipolala Kwetu

Kwa nini pikapu ya baba iligoma kuwaka asubuhi zile tu ambazo bibi alikuwa amelala kwetu?

Ndugu zangu, sifa zote ni kwa Bwana! Swali hilo lilinisumbua miezi mingi. Mnanijua. Nilirudi kutoka chuo kikuu na maswali juu ya kila kitu, hadi walimu wa Shule ya Jumapili wakaanza kunikwepa mlangoni.

Nyumba yetu iko hapa Kamunyonge, Musoma, kwenye mteremko wa mawe. Pikapu ni ya dizeli, ya zamani. Baba na mdogo wake, baba mdogo Magesa, huamka nayo kwenda Kibara kuchukua dagaa na kuwapeleka Bunda. Ukichelewa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, mzigo wako umeshapanda gari la mwingine. Tulikula kwa hiyo pikapu, tukasoma kwa hiyo pikapu.

Bibi, mama yake baba, anakaa Buhemba. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo baba humleta Musoma kliniki na analala kwetu. Na akilala, asubuhi ni aibu! Stata inazunguka kwa nguvu, injini kimya. Majirani wanaitwa, pikapu inageuzwa, inasukumwa mpaka kule chini ndipo inakohoa na kuwaka. Bibi akirudi Buhemba, kesho yake ufunguo ukizungushwa mara moja tu, imewaka!

Fundi Wambura akabadilisha betri. Akabadilisha plagi za kupasha injini joto. Nanyi wapendwa mlikuja mkaweka mikono juu ya boneti, mkakemea mpaka sauti zikakauka. Bibi akaja tena, pikapu ikagoma tena!

Hapo baba mdogo akasema wazi, "Kaka, hii gari inamkataaga mama. Tusifichane."

"Baba mdogo, ushahidi uko wapi?" nikamuuliza.

"Si huo unaousukumaga na majirani!"

Wengine wakacheka, maana alichosema kilikuwa kweli. Nilikiona kwa macho yangu. Baba hakucheka wala hakukataa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Yeye na baba mdogo wakakubaliana kwamba bibi aje kliniki mara moja tu ya mwisho, kisha asilale tena kwetu wala asipande pikapu. Na pale bombani neno lile baya la uchawi lilikuwa limeshaanza kunong'onwa. Ndugu zangu, mnajua neno hilo likimshika mama mzee huku kwetu linamfikisha wapi.

Nikaomba. Sikuomba kwa adabu. Nilisema, "Bwana, mimi siamini jambo hili, lakini naliona. Kama kuna sababu nyingine, nionyeshe kabla hawajamwondoa!"

Jioni bibi akafika. Nilikuwa nimesimama kibarazani. Siku zote baba hugeuza pikapu na kuilaza ikitazama chini, barabarani, tayari kwa safari. Lakini ikilala hivyo, mlango wa abiria unakuwa upande wa mbali na nyumba. Siku ya bibi, baba huingia moja kwa moja na kuiacha hivyo hivyo, ili mlango ufungukie kibarazani.

"Sogeza kaka, sogeza!" alipiga kelele baba mdogo, yule yule! "Mama asikanyage mawe!"

Nami nikaona. Haleluya, nikaona! Pua ya pikapu ilikuwa inatazama juu, na tanki la dizeli liko nyuma, chini! Nilipiga yowe bibi akashtuka.

"Baba, akishashuka igeuze! Ilale kichwa chini!"

"Digrii nzima hiyo," akasema baba mdogo, "imekufundisha kugeuza gari?"

Bibi akajibu kutoka kwenye mkeka, "Mgeuzie mtoto. Kwani anakunywa dizeli yako?"

Ikageuzwa. Asubuhi, bibi akiwa ndani anakunywa uji, baba akazungusha ufunguo. Ikawaka! Ikawaka, ndugu zangu!

"Bahati," akasema baba mdogo.

Basi bibi aliporudi Buhemba, nikawaomba wailaze kichwa juu. Asubuhi ikagoma, na bibi yuko mbali kabisa! Baba mdogo akaizunguka mara mbili, kisha akaenda mwenyewe kumwita Wambura.

Wambura akaagiza stata izungushwe, tukatazama ekzosi. Hakuna moshi hata kidogo. Dizeli ingekuwa inafika, tungeona moshi. Akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, ikawa laini kama puto lililoisha hewa. Akabonyeza, akabonyeza, mpaka ikawa ngumu. Ufunguo! Ikawaka! Tukafuata mpira unaotoka kwenye tanki, tukiupapasa, na chini ya klipu tukakuta ufa mdogo ambao haukuvuja hata tone nje, ila uliingiza hewa. Gari likilala kichwa juu, dizeli yote inarudi tangini usiku. Mpira mpya ukafungwa. Tangu siku hiyo pikapu inalala inavyotaka na inawaka, na bibi analala kwetu anavyotaka!

Ndugu zangu, tulichomfanyia bibi kwa upendo ndicho tulichomshtakia. Namshukuru Mungu, hakuniambia ninyamaze. Alichukua swali langu lenye hasira akanifungua macho jioni ile ile! Kama nyumbani kwako kuna mtu mnayemtazama kwa jicho la pembeni, usiogope kumuuliza Bwana kwa nini. Mwamini. Anajibu, na jibu lake linamweka mtu huru!

Nimalizie na jambo nililolijua juzijuzi tu, pikapu imeshasahaulika, tukiwa tunachambua dagaa mimi na bibi. Aliniambia yeye naye alikuwa ameamini kwamba gari linamkataa. Kila alipopanda, alijizungushia kanga mkononi kabla ya kushika mlango, ili asiliharibu gari la mwanawe.