Siku Tuliyosimama Dirishani: Risala ya Darasa la Hesabu za Ufundi kwa Mwenyekiti wa Bodi

Mgeni rasmi, mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya chuo, mkuu wa chuo, walimu wetu, na ninyi wenzetu mliowahi viti vya nyuma ili mkisinzia msionekane:

KARIBU

Sisi wanafunzi wa Hesabu za Ufundi tunakupokea kwa mikono miwili. Kiti ulichokalia tumekikagua mguu kwa mguu, kwa hiyo egemea bila wasiwasi. Tunakushukuru pia kwa paa jipya. Mvua ya juzi tulisoma mpaka kipindi kikaisha bila mtu kuhamisha daftari.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tulifika hapa sisi na hesabu hatusalimiani. Tupo maseremala, waashi, mafundi bomba, na mshonaji mmoja anayetuzidi wote umri, tunayemwita Shangazi. Ndiye tuliyemsimamisha hapa mbele akusomee. Akisita mahali, mvumilie. Anasoma habari zake mwenyewe.

Mwalimu wetu alituanzishia jambo geni. Kila kipindi kikiisha, mtu ajipime, kisha akasimame panapomfaa: aliyeelewa kiasi cha kumweleza mwenzake, mlangoni, ambaye bado, dirishani. Siku ya kwanza darasa zima tulijazana mlangoni, wengine begi tayari begani. Mwalimu akaenda dirishani peke yake, akasema, "Mimi bado sijaelewa. Nani atanieleza?" Tukaanza kutazama viatu vyetu.

Tangu hapo tukajifunza kusema kweli, ingawa kwa kusuasua.

SIKU YA MKAGUZI

Mkaguzi alipotutembelea tulikuwa tumeanza mada ya duara. Shangazi alipata majibu yote ya zoezi. Mwenzetu tunayemwita Fundi Bomba, anayekaa nyuma yake, akapitisha neno kwamba leo kuna mgeni, kwa hiyo twende sote mlangoni tumng'arishe mwalimu. Tuliafiki, tukaanza kuinuka. Shangazi akashika njia ya dirishani.

"We Shangazi, si umepata zote?" Fundi Bomba akamnong'oneza.

"Jibu ninalo, mwanangu. Lilikotoka ndiko sikujui."

Akasimama pale, mkono kwenye nondo za dirisha, mgongo umenyooka. Tukatazamana. Ukweli ni kwamba hata sisi kanuni tulikuwa tumeikariri tu. Mmoja akamfuata, na mwingine, mpaka Fundi Bomba akajikuta peke yake mlangoni kama bawabu, naye akaja.

Mkaguzi aliandika alichokiona, wala hatumlaumu: darasa zima limekiri kwamba halielewi. Darasa la jirani, lililojibu "tumeelewa" kwa pamoja, likapongezwa. Na sisi tunawapongeza, sauti wanazo.

TULICHOVUNA

Kesho yake mwalimu alikuja na ndoo, vifuniko vya sufuria na uzi wa kuazima kwa Shangazi. Tukazungusha uzi kwenye kila kifuniko, kisha tukaukata vipande vyenye urefu wa upana wa kifuniko hichohicho. Vikatoka vitatu na kijisehemu. Kifuniko kidogo hivyo, kikubwa hivyo, ndoo hivyo hivyo.

Shangazi akaomba chaki, akachora sketi ya duara. Miaka yote alikuwa akikata tundu la kiuno kwa kukisia, anaharibu vitambaa vya watu halafu anasingizia mkasi. Siku hiyo alikwenda mlangoni bila kusukumwa, akatueleza sisi sote kiuno kinavyoamua mahali pa kuweka mkasi. Fundi Bomba akauliza kama hesabu hiyo inatosha kiuno cha mkewe. Akaambiwa amlete mwenyewe, arudie swali lake mbele yake.

Mtihani wa mwisho wa muhula tulifaulu. Waliofeli ni wawili, na wote wawili walikuwa wametuambia mapema kwamba hawajaelewa, tena mada zilezile zilizowaangusha. Mheshimiwa, hilo tunajivunia kuliko maksi. Zamani matokeo yalikuwa yanatushtua kama hodi ya mdai; sasa kila mmoja wetu anajua alipo kabla hajaambiwa.

KINACHOTUKWAZA

Kwa sababu ya taarifa ile ya mkaguzi, tumesikia muhula ujao mwalimu wetu anahamishiwa stoo ya vifaa. Tangu Shangazi apate habari hizo, utani wetu haumfikii. Alimfuata mwalimu akamwomba radhi kwa kwenda dirishani. Mwalimu akamjibu kwamba angekwenda mlangoni ndipo angemkosea. Lakini Shangazi bado anaingia darasani kama mtu aliyemfukuzisha ndugu yake kazi. Sisi tumembembeleza tumeshindwa. Barua ya uhamisho inasubiri sahihi, na tunaambiwa sahihi hiyo ni yako.

OMBI

Mwalimu hajui tulichoandika hapa. Hata sasa hivi ametukodolea macho. Alituagiza tukuombe madawati, kwa kuwa tunakaa watatu watatu. Mheshimiwa, madawati tutayatengeneza wenyewe. Maseremala tunao, na siku hizi vipimo wanavijua. Mwalimu hatuwezi kumtengeneza. Tunakuomba utuachie huyu.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, aibariki nyumba yako na wote wanaokusubiri huko, na akuongoze vyema siku utakapoishika barua hiyo.

Ni sisi tunaokushukuru,
Wanafunzi wa Hesabu za Ufundi, Mwaka wa Kwanza