Mama Birika Kaitwa Jukwaani

Benchi letu limeegemea ukuta, kati ya mlango wa nyuma wa ukumbi wa maonyesho na meza ya kahawa ya Mama Birika. Mimi ni fundi cherehani, na mashine yangu iko hatua tatu tu kutoka hapo, kwa hiyo nikiulizwa kama niko kazini nasema ndiyo, na nikiulizwa kama niko kijiweni nasema ndiyo vilevile. Asubuhi hiyo meza haikuwa na mwenyewe. Mama Birika alituachia chupa kubwa ya kahawa, akavaa gauni nililomshonea kwa siku mbili, akaingia ukumbini. Yule mwanamama mtunzi wa muziki aliyepanga chumba cha juu ya ukumbi, anayetunga michezo inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, alimsikia akiimba huku anaosha vikombe, akasema sauti hiyo ndiyo anayoitafuta. Leo ni majaribio mbele ya wapiga vyombo wote, na akifaulu, Jumamosi anapanda jukwaani. Furaha tuliyokuwa nayo, ungedhani tumeitwa sisi.

Breki, fundi wa magari, hakuwa amekaa tangu afike.

— Jamani, huyu mama anaondoka! Hii kitu ikishika, mwezi ujao yuko kwenye ndege!

— Kaa kwanza, unatumwagia kahawa, alisema Profesa, aliyekuwa tarishi wa chuo miaka thelathini na kutoka huko na miwani na jina. Huyo mtunzi namjua mimi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayengoja simu. Saa nzima anaimba, simu hailii.

— Saa nzima? Si angepiga yeye?

— Ndiyo sanaa hiyo, Breki. Ya pili ilikuwa kwaya ya watu arobaini. Hawatamki neno. Wanapumua tu, kwa mpangilio.

— Na watu wakakata tiketi?

— Walijaa mpaka kwenye ngazi!

— Basi mimi nimepumua bure miaka yote hii.

Babu Saa, anayetengeneza saa za watu na yeye mwenyewe havai, alitikisa kichwa.

— Mnacheka. Mimi naogopa mwisho wake. Michezo hii ya kuimba, mwanamke lazima afe. Nimeona kwenye televisheni. Kachomwa kisu, badala ya kuita daktari anaanza wimbo.

— Mama Birika hafi! Breki aliruka. Afe, sisi tukanywe kahawa wapi?

— Anakufa Jumamosi, Jumapili anakufa tena. Ndiyo mkataba wao.

— Hakuna kifo pale, alisema Profesa. Karatasi za muziki nimeziona, siku mtunzi alipoleta koti lake kwa fundi hapa. Si kweli, fundi?

— Kweli, nilisema. Vyombo vyote vimejaa nukta, mstari wa maneno ya Mama Birika mweupe kabisa.

— Wino uliisha, alisema Babu Saa.

— Wino gani! Profesa alimkatiza. Ameuacha makusudi. Sauti kama ile huiandikii maneno, inakuja nayo.

— Na sauti ile imekulia wapi? Breki alijipiga kifua. Hapa! Sisi ndio tumeilea. Miaka kumi na moja tunamsikiliza kila siku ya Mungu. Na sisi wangetuweka kwenye bango.

— Bango tu? Profesa alivua miwani. Watatutaka wenyewe. Hawawezi kumchukua yeye wakaacha benchi. Watalibeba hili benchi, sisi tukiwa juu yake, watalitua katikati ya jukwaa.

— Mimi sauti nzito, Babu Saa aliwahi.

— Nzito wapi! Wewe ukikohoa tunadhani mtu kapiga mluzi.

Nami, nisiwafiche, nilikuwa nimeshatoa utepe wa kupimia na kumpima Breki mabega. Tulisimama wote wanne, tukapumua kwa mpangilio, Profesa akituongoza kwa kijiko. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka binti mwenye daftari na jasho usoni, msimamizi wa jukwaa.

— Shikamooni. Nyinyi ndio watu wa benchi?

— Ndio sisi! tulijibu kwa pamoja, na kwa kweli ililingana vizuri.

— Amefaulu? aliuliza Breki.

— Sauti imewaacha wote hoi. Kuna mpiga fidla analia mpaka sasa.

Breki alimkumbatia Babu Saa mpaka kofia ikaanguka.

— Ila tumekwama, binti aliendelea. Mahadhi mtunzi anayo, aliyasikia dirishani. Maneno hayakufika kule juu. Na mama akisimama pale mbele yanamtoka yote, anaimba mahadhi matupu. Anasema huwa yanakuja yenyewe akishika vikombe. Tumempa beseni, tumempa vikombe na sabuni, wapi! Mkuu wa ukumbi kasema saa sita ikigonga bila maneno, nafasi anapewa mwimbaji wao.

— Sasa yeye anasemaje? niliuliza.

— Amefuta machozi, akasema tusihangaike. Akasema, nenda kwa watu wangu wa benchi, wako pembeni yangu miaka yote hii, wimbo wangu wanaujua kuliko mimi.

Binti alifungua daftari, akaweka penseli juu ya karatasi.

— Haya, wazee wangu. Unaanzaje?

Breki alimwangalia Profesa. Profesa aliniangalia mimi. Nikautafuta kichwani. Nilikumbuka maji yakimiminika, nikakumbuka Breki akibishana mpira, nikakumbuka sauti yangu mwenyewe ikisema mama, ongeza kimoja. Chini ya kelele zote hizo kulikuwa na mtu anaimba, hilo nilikuwa na hakika nalo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

— Mstari wa kwanza tu, binti alisema.

Kisha akamgeukia Babu Saa.

— Babu, hata neno moja?