Milio Mitatu ya Saa Kumi na Moja

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi mliofanya naye kazi, familia imemkabidhi mdogo wake marehemu, wa kike na wa mwisho kuzaliwa, jukumu la kuisoma historia hii, naye anaomba mumvumilie akikwama mahali, maana kaka yake alikuwa mtu wa maneno machache na hakumwachia mengi ya kuandika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Mzee Haloo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa mwashi na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, ambako alichapwa kwa kuifungua kengele ya umeme ya shule ili aone sauti inatokea wapi, kisha akaifunga ikalia vizuri kuliko mwanzo, ila viboko ndivyo havikurudishwa. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akajiunga na chuo cha ufundi wa simu, akahitimu mwaka 1972, na tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa katika kampuni ya bima kuutunza mtambo wa simu za ofisi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane katika chumba kimoja kisicho na dirisha, chini ya ngazi.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akishona mapazia ya ofisi hiyo, na tarehe 22 Juni 1981 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, binti, ambaye yuko hapa nasi leo. Marehemu alikuwa na desturi moja, kwamba kila siku saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga chumba chake, aliijaribu laini kwa kupiga simu nyumbani kwake, akaiacha ilie mara tatu, akakata, na pale nyumbani ilikuwa marufuku mtu yeyote kuinua simu kwa milio hiyo mitatu, kwa kuwa maana yake ilikuwa moja tu, baba amemaliza kazi, yuko njiani.

Mwaka 1994 kampuni ilileta modemu nne, visanduku vya kupeleka taarifa za kompyuta kwenye matawi kwa kupitia laini za simu, na kuanzia Januari 1998 visanduku hivyo vikawa na ugonjwa wa kutokata simu, tawi linamaliza na kukata, lakini modemu ya huku inabaki imeishikilia laini, inamsubiri mtu aliyekwisha kuondoka. Marehemu, na hili aliagiza mwenyewe lisomwe bila kupunguzwa, hakutafuta chanzo, bali kila asubuhi alizunguka akizichomoa na kuzichomeka tena, laini zikafunguka, akaridhika, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jumanne ya tarehe 18 Agosti 1998 asubuhi, marehemu hakuzunguka, alikuwa juu ya ngazi akivuta waya kwa ajili ya meza mpya ya meneja, akasema atazichomoa mchana. Asubuhi hiyohiyo mkewe alianguka kando ya cherehani yake, na binti, akiwa na miaka kumi na saba, alipiga simu ofisini mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa alikuta laini zote zinatumika, hadi jirani alipowapeleka hospitali kwa gari lake, na wifi yetu akakata roho saa sita mchana akimuulizia mumewe. Binti alimwambia baba yake neno moja tu baada ya mazishi, kwamba amezaliwa na fundi simu asiyepatikana kwa simu, na mwaka 2001 akaenda kusoma mbali, akabaki huko, barua zake zikawa zinamfikia shangazi yake huyu anayewasomea peke yake.

Marehemu alikaa wiki sita akiwa na simu ya majaribio sikioni, akagundua kwamba mtambo wa ofisi ulikuwa hauzipi modemu taarifa kwamba upande wa pili umekata, basi akaupanga ukate umeme wa laini kwa muda usiofika sekunde moja kila mazungumzo yanapoisha, na modemu mbili za aina ya zamani zilizokuwa hazielewi ishara hiyo akazipanga zikate zenyewe baada ya nusu dakika ya kimya. Tangu tarehe 3 Oktoba 1998 hakuna laini iliyoganda tena, kampuni ikampa cheti, naye akakitia kwenye droo ya bisibisi, akafunga.

Milio mitatu hakuiacha. Aliipiga kila jioni hata nyumba ilipobaki bila mtu, na baada ya kustaafu tarehe 31 Machi 2011 alikuwa akitembea hadi dukani kuazima simu ya mwenye duka aipigie nyumba aliyotoka sasa hivi, na mwenye duka alidhani akili za mzee zimeruka, hadi siku moja alipoona machozi yake. Alikuwa mpweke, ndugu zangu, na sisi wa damu yake tulimwona akizoea upweke tukadhani anaupenda.

Tarehe 6 Mei 2019 alilazwa kwa maradhi ya moyo, na hata huko aliomba simu ya meza ya wauguzi kila saa kumi na moja. Shangazi alimwandikia binti, naye akafika Jumatano tarehe 22, akakanyaga lango la hospitali, moyo ukamshinda, akarudi, akachukua ufunguo kwa jirani na kukaa katika nyumba ya baba yake, na jioni simu ikalia mara tatu, naye, kwa mazoea ya utoto, hakuinua. Kesho yake alivuta kiti mapema, na ilipolia mara ya kwanza tu akainua, akamwamkia baba yake. Muuguzi anasema mzee alimuuliza binti kama amekula. Usiku huo hakuwa peke yake, wala uliofuata, na Jumamosi tarehe 25 Mei alifariki mkono wake ukiwa katika mkono wa mwanawe.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi mkuu aliyemwazima simu kinyume cha taratibu, jirani mtunza ufunguo, mwenye duka, na wafanyakazi wenzake wa chini ya ngazi na wa juu. Jana saa kumi na moja binti alikaa kando ya simu hadi saa kumi na mbili, haikulia. Pumzika kwa amani, kaka, tumeshajua kwamba umemaliza kazi.