Bi Posta na Mstari Usio na Jina

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, anastaafu fundi wetu mkuu wa mifumo, mama ambaye jengo zima linamwita Bi Posta. Jina hilo alilipata hapa hapa, kwa kazi ya barua pepe, wala halijawahi kumkera. Hata binti yake akipiga simu mapokezi huomba kuzungumza na Bi Posta, kisha hucheka mwenyewe.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma katika hafla hii ya kumuaga kwa sababu nimekaa naye meza kwa meza kwa muda mrefu kuliko wote waliobaki. Uongozi uliniomba niwe mfupi na mchangamfu. Uchangamfu nitajitahidi. Ufupi una shida yake, kwa maana katika utumishi wa mama huyu yamo mambo ambayo sote tuliyaona na hakuna aliyewahi kuyaandika, na nikiyaruka leo nitakuwa nimemuaga mtu mwingine.

Alianza akiwa kijana, akivuta nyaya darini na kushuka na utando wa buibui kichwani. Mnyenyekevu hakuwa. Akitatua tatizo, ghorofa mbili zilijua. "Nimelikamata!" angepaza sauti, na sisi tuliokuwa tukizungumza na wateja kwenye simu tulilazimika kueleza kwamba hakuna mwizi.

Wakati huo kampuni yetu ilikuwa ikifungasha mfumo wake wa seva, kompyuta inayohudumia ofisi nzima, uliojengwa juu ya programu huria ya Linux, na kuuuza kwa shule, zahanati na ofisi ndogo. Mteja alipata pa kuhifadhi mafaili, ulinzi, na printa ya pamoja. Walichokidai kila tulipokutana nao ni barua pepe na kalenda ya pamoja. Mkurugenzi akaona tusihangaike kuandika ya kwetu. Akanunua leseni ya programu ya kampuni ya nje, na Bi Posta akaambiwa aiingize ndani ya mfumo wetu kiasi kwamba mteja asione mshono.

Yeye aliiita ndoa. Bwana harusi mzuri, alisema, ila amekuja na ndugu zake wote na wanataka kulala sebuleni. Programu ile ilikuwa na orodha yake ya watumiaji, na mfumo wetu una yake. Ilitaka kuwaka na kuzimika kwa saa inazozitaka yenyewe. Kila tulipotoa marekebisho ya usalama, ilisusa. Kwa miezi kadhaa Bi Posta alipatanisha wakwe, mpaka akaandika programu ndogo ya kati, daraja la kuchukua majina kwetu na kuyavusha upande wa pili, ili mfanyakazi aandikishwe mara moja tu na apate mafaili, barua na kalenda kwa nywila moja. Siku lilipokubali, alipita ofisi kwa ofisi akidai pongezi, na alizipata.

Wiki hiyo hiyo ndipo mstari ulipoonekana.

Ukiitisha kikao, kalenda huonyesha majina ya walioalikwa na jibu la kila mmoja: amekubali, amekataa, hajajibu. Chini ya majina hayo kulikuwa na mstari mtupu, usio na jina wala anwani. Mbele yake palisomeka: amekubali. Jibu lilikuwa limefika kabla hujaondoa mkono kwenye kipanya.

Bi Posta alicheka, akaufuta. Ukarudi. Akapekua orodha yetu ya watumiaji, hakukuta mtu. Fundi wa kampuni ya nje akajibu simu kwa adabu zote: "Upande wetu hayupo, mama. Tafuteni kwenu." Waandishi wetu wa programu nao wakaapa kwamba kwetu hayupo.

"Basi mtoto huyu hana baba wala mama," alisema Bi Posta. "Kazaliwa kwenye mshono."

Kwa kuwa haukuharibu kitu, mfumo uliingia sokoni pamoja nao. Wateja walipouliza, tuliwaambia ni dosari ya kuonekana tu.

Nasi tukauzoea. Tarishi wetu, anayepanga viti kwa idadi inayotolewa na kalenda, akawa anaweka kiti kimoja cha ziada kila kikao. Hatukuwahi kukubaliana lolote kuhusu kiti hicho, lakini aliyechelewa alisimama ukutani kuliko kukikalia. Siku moja mkaguzi wa mahesabu kutoka nje, asiyejua hili wala lile, alikikalia. Hakuwahi hata kufungua mkoba. Aliinuka, akageuka nyuma, akasema, "Samahani, sikujua pana mtu," akahamia kwingine na kuendelea na kazi yake. Yeye mwenyewe hakuona kama kuna la kueleza.

Mhasibu wetu, aliyekuwa ametoka kufiwa na mkewe, aliandika kwenye kalenda yake binafsi "chakula cha mchana". Hakumwalika mtu. Mstari ukakubali. Alimwita Bi Posta akamwonyesha skrini. Bi Posta akaanza kuomba radhi kwa niaba ya programu, mhasibu akamkatiza. "Uache tu," alisema. "Si vibaya."

Kisha likaja la tangi. Idara ya mauzo ilikuwa na kikao katika chumba cha chini. Asubuhi mkurugenzi akaamka shavu limevimba kwa jino, kikao kikaahirishwa. Wakati ambao kingekuwa kimepamba moto, tangi la maji lililokuwa juu ya dari lilivunja mihimili yake likatua katikati ya meza. Tulikimbilia mlangoni tukaona maji, mbao, na viti vimelala miguu juu. Kila mtu alimshukuru Mungu, na jino la mkurugenzi pia likapata shukrani zake. Bi Posta alirudi mezani kupanga tarehe nyingine, akafungua mwaliko wa kikao kile. Wote walikuwa wamekubali. Mstari mtupu, kwa mara ya kwanza tangu uonekane, ulikuwa umekataa.

Sauti yake ile ya kujaza korido haikutoka. Aliniita kwa kidole.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, alipitia majibu ya mstari ule, kwetu na kwa kila mteja ambaye seva yake tuliitunza. Ulikubali, ukakubali, ukakubali. Nilianza kudhani la tangi lilikuwa sadfa tu ya kompyuta. Mpaka asubuhi moja nikamwona amekaa wima, rangi imemtoka. Shule mojawapo ilikuwa na safari ya walimu kwenda mafunzoni katika mji mwingine. Mstari umekataa. Na miongoni mwa walimu waliokubali lilikuwamo jina la mdogo wake wa kike.

Alimpigia mwalimu mkuu akamweleza ukweli wote, maana kudanganya hakuwezi. Mwalimu mkuu alicheka, akamtakia siku njema. Bi Posta akachukua mkoba, akatoka bila ruhusa ya mtu, nami nikamfuata kwa kuogopa kumwacha peke yake. Tulikuta basi limeshawashwa uani mwa shule. Akaenda akasimama mbele yake.

Mdogo wake alishuka. Mafunzo yale alikuwa ameyangoja muda mrefu, na ilikuwa inajulikana kwamba mwalimu mkuu msaidizi angechaguliwa kutoka kwa watakaokwenda.

"Dada, toka mbele ya gari."

"Sitoki."

"Unaniaibisha mbele ya wenzangu. Kwa ajili ya nini? Kompyuta imekwambia?"

"Hata sijui ni nani aliyeniambia," alijibu Bi Posta, na hapo machozi yakamtoka.

Dereva alimtazama. Akazima injini, akashuka na funguo zake. "Mimi siendi," alisema. "Mama mtu mzima hasimami hapa akalia hivi bure." Wakamsihi, wakamfokea, akakaa kwenye ngazi ya basi akawasha sigara. Mpaka basi jingine litafutwe, siku ilikuwa imeharibika.

Hakuna kilichotokea. Naomba nieleweke, kwa sababu watu husimulia kisa hiki na kukiongezea ajali. Barabara ilikuwa njema. Walimu wa shule nyingine walipita barabara hiyo hiyo, wakajifunza, wakarudi na vyeti. Nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi ikaenda kwa mwingine. Mteja alilalamika, kampuni ikampa Bi Posta onyo kali, na mdogo wake akaacha kupokea simu zake.

Nilimuuliza Bi Posta kama anajuta. "Nikikosea hivi, watu wananikasirikia," alisema. "Ningekosea vile, pasingekuwa na wa kunikasirikia."

Ilichukua muda mrefu kabla mdogo wake hajafika ofisini kwetu, bila taarifa, akiwa bado na uso wa ugomvi. Hakutaka chai. Alitaka kuuona huo mstari. Bi Posta akamfungulia kalenda na kumpa kiti. Mwalimu akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili: "Mazungumzo, mimi na dada." Akaweka majina mawili. Mstari wa tatu ukajitokeza chini yao: amekubali.

Mwalimu aliusoma. Kisha akavuta kiti chake kikagusana na cha dada yake, akasema kwa sauti ya chini, "Tukazungumzie nje." Walikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma mpaka watu walipoanza kutoka kazini, na waliporudi wote wawili walikuwa na macho mekundu na wanasemezana kama watoto. Leo mwalimu huyo ameketi safu ya mbele, na mpaka sasa hakujua kwamba nimemwandika.

Mwaka jana kampuni ya nje ilitoa toleo jipya, lililoandikwa upya tangu mwanzo. Linasoma orodha yetu ya watumiaji moja kwa moja, daraja la Bi Posta halihitajiki tena. Hakuna mshono. Katika majaribio, mstari haukuonekana. Mkurugenzi alimwambia kazi hiyo anaweza kuwaachia vijana. Alikataa. Alisema ameifunga ndoa mwenyewe na ataivunja mwenyewe.

Siku ya kuhamia toleo jipya, baada ya chakula cha mchana, aliandika kikao katika chumba kidogo chenye ukuta wa kioo. Hakumwalika mtu yeyote. Mstari ukakubali. Akaingia, akafunga mlango, akaketi akielekea kiti cha upande wa pili. Tuliokuwa nje tulijifanya tunafanya kazi. Nilimwona akizungumza, mikono ikienda huku na huku kama kawaida yake. Nikamwona akinyamaza, ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza. Kisha alicheka. Sote tunakijua kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo, na hiki hakikuwa hicho. Alicheka kama mtu aliyejibiwa.

Alipotoka nilimuuliza walizungumza nini. "Ya kikao ni ya waliohudhuria," alisema, akaketi kwenye kompyuta yake, akalizima daraja.

Sasa orodha ni safi. Kila jina lina mwenyewe. Tunapokea mialiko, tunabofya, tunakwenda, na hakuna anayejua kama siku hiyo ilitupasa kubaki. Wiki za mwanzo wengi wetu tulikuwa tukisita mlangoni kabla ya kuingia kikaoni. Bi Posta alituona akatucheka. "Hivi ndivyo watu wote duniani wanavyoishi," alisema. "Mtazoea."

Bi Posta, tunakushukuru kwa mifumo uliyoisimamisha, kwa wateja uliowatuliza, kwa wanafunzi uliowalea hapa wakawa mafundi, na kwa siku uliyosimama mbele ya basi. Wajukuu wanakungoja, na mumeo ametuhakikishia kwamba nyumbani hakuna seva. Huko uendako pumzika, lala mchana, na uwe mbishi kama tulivyokuzoea. Kila safari utakayoianza, ufike. Na ile ambayo moyo wako utaikataa, usitafute sababu. Keti tu, umshike mkono uliye naye, umwambie leo hatuendi. Maisha marefu na mema, mama yetu.